Mashine Iliyolazwa Siku ya Vishwakarma

Kakoli Dhara alikuwa mtu wa kuamka kabla ya kunguru, lakini asubuhi ile, siku moja baada ya sikukuu ya Vishwakarma, alichelewa kama alivyochelewa kila fundi wa mji wa Howrah. Jana hakuna chombo kilichofanya kazi mtaani. Misumeno, tezo, mashine za kukereza, hata nyundo, vyote vilioshwa, vikatiwa doa jekundu, vikavishwa maua ya manjano na kuachwa vipumzike mbele ya mungu wa mafundi. Watu walikula wali wa dengu na nyama ya mbuzi, kisha wakapanda kwenye mapaa kurusha tiara. Kila uzi ulipokatwa, mtaa mzima ulipaza sauti: "Bho-katta!" Sasa tiara zilizoshindwa zilining'inia kwenye nyaya za umeme, zimelowa umande, na wafagiaji walikuwa wakizitazama tu.

Alifungua karakana ya Mzee Bimal Santra, akaondoa maua juu ya kompyuta, akachomeka waya ukutani na kubonyeza swichi.

Skrini ikawa nyeusi, yakatokea maandishi meupe. Mistari mitatu ya Kiingereza, na chini yake: bonyeza F1 kuendelea. Kakoli akabonyeza F1. Nani husoma mistari ile? Alama ya Windows ikajitokeza, ukurasa wa buluu ukamulika mara moja kama radi, na kompyuta ikajizima na kujiwasha upya. Maandishi meupe. F1. Buluu. Ikajizima tena.

Mara ya nne akavuta kiti, akaketi.

Ili mtu aelewe hofu yake, yafaa ajue Kakoli alikuwa nani pale. Aliingia karakanani akiwa msichana aliyemaliza chuo cha taipu, enzi ambazo taipu yenyewe ilikuwa inazikwa. Mzee Bimal alikuwa ameagiza mashine ya kukatia mbao inayoongozwa na kompyuta, na hapakuwa na mtu wa kuilisha michoro. Kazi ya karakana ilikuwa violezo: umbo la mbao la kipuri, ambalo wasubu chuma hulikandamiza kwenye mchanga ili chuma kilichoyeyuka kipate pa kujaa. Kabla ya mashine, violezo vilichongwa na Haripada, fundi ambaye macho yalikuwa yanaanza kufifia. Kwa miaka mingi wawili hao walikaa bega kwa bega. Haripada alipapasa violezo vyake vya zamani kwa vidole na kumweleza Kakoli kila mviringo, naye akauchora. Kisha Haripada akafariki. Kisha mchwa na mafuriko vikavila violezo vya mbao, kimoja baada ya kingine. Kakoli alikuwa na nakala za michoro kwenye sahani za CD, lakini unyevu wa Howrah uliziotesha kuvu hadi zikawa na madoa kama ramani, zisisomeke tena. Basi kila kilichobaki cha pampu za zamani, vinu vya mpunga na injini za vivuko, vipuri ambavyo hakuna kiwanda kinachovitengeneza tena, kilikuwa ndani ya diski moja, ndani ya kompyuta ile.

Na aliyechomoa waya alikuwa yeye.

Miaka yote walikuwa wakiizima tu. Lakini jana, wakati wa ibada, mama yake Mzee Bimal, ambaye karakana nzima humwita Bibi, alichungulia kwenye matundu ya kompyuta na kuona kitaa kidogo cha kijani.

"Hii hailali," alisema Bibi. "Inafumba jicho moja. Leo hata mungu kapumzika, yenyewe nani?"

Kakoli akacheka, akachomoa waya ukutani, akachomoa na UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, na kitaa kikazimika. Kilikuwa hakijazimika tangu kompyuta inunuliwe.

Mzee Bimal alipoingia na kuona ukurasa wa buluu, hakuuliza mengi. Alimpigia simu mpwa wake, Rono, mwenye duka la kompyuta kule Kadamtala. Rono alikuja bado ana usingizi, nywele zimesimama, na vidole vimechanika kwa uzi wa tiara.

"Jana walikukata ngapi?" Mzee Bimal akamuuliza.

"Mjomba, usianze." Rono akainamia skrini, akabonyeza F1, akatazama, akabonyeza tena, akajaribu njia zake mbili tatu. Mwisho akanyooka. "Diski imekufa. Nimeona buluu hii mara mia. Dawa yake ni kufuta na kupiga Windows upya. Programu ya mashine unayo?"

"Ninayo."

"Basi mchana unakata."

"Na michoro?" Kakoli akauliza.

Rono akamtazama, kisha akamtazama mjomba wake. "Dada Kakoli, nikifuta nimefuta."

"Si uweke diski nyingine? Hii uiache kando."

"Ipo wapi? Diski za aina hii nitazipata soko la Chandni, ng'ambo ya mto. Leo sanamu zote za ibada zinapelekwa mtoni kuzamishwa, daraja limejaa malori na ngoma. Nikienda nitarudi usiku."

Mzee Bimal alijifuta uso kwa kitambaa. Alasiri hiyo angekuja Ramavtar, msimamizi wa kiwanda cha kusubu chuma, kuchukua kiolezo cha pampu ya kinu cha mpunga. Tanuri lilikuwa limeshapangwa. Tangu aanze kazi, Mzee Bimal alikuwa akiwaogopa wenye matanuri kuliko alivyowaogopa watoza kodi.

"Kazi ya leo ni ya leo," alisema polepole. "Rono, kalete vifaa vyako."

"Mzee," Kakoli akasema. "Nipe muda akienda na kurudi. Sitavunja kitu."

"Kilichokwisha kufa utakivunjaje?" Rono akasema, bila ubaya, akapanda pikipiki.

Kakoli alibaki na skrini. Safari hii hakubonyeza F1. Alisoma. Mstari wa kwanza ulisema mipangilio imepotea. Wa pili ulisema saa haijawekwa. Wa tatu ulisema, ukitaka kuingia kwenye mipangilio, bonyeza Del.

Ukurasa ule aliuogopa. Mwalimu wake wa kompyuta aliwahi kuwaambia darasani kwamba BIOS ndiyo jiko la nyumba, na mgeni haingii jikoni kwa mtu. Ni programu ndogo inayokaa kwenye ubao mkuu wa kompyuta; ndiyo inayoamka kwanza, inahesabu viungo, kisha inaiita Windows. Kakoli alikuwa mgeni mwenye adabu miaka yote. Akashusha kidole kwenye Del.

Ukurasa wa kijivu ukafunguka. Kipanya hakikufanya kazi humo. Ni vishale vya kibodi tu. Juu kabisa, tarehe: Januari mosi, mwaka 2009. Akashuka mstari kwa mstari, akisoma kwa kunong'ona kama mtu asomaye maelezo ya dawa, mpaka akafika kwenye orodha ya diski. Pale, mbele ya namba ya kwanza, kulikuwa na jina. Herufi na tarakimu, ndefu, jina la diski yenyewe.

Akampigia Rono, ambaye alipokea huku pikipiki inanguruma.

"Maiti inaitika jina lake?" Kakoli akauliza.

"Nini?"

"Niko kwenye BIOS. Diski ipo hapa, jina lake na ukubwa wake."

Pikipiki ikanyamaza. "Soma."

Akasoma.

"Subiri," Rono akasema. Sasa usingizi ulikuwa umemtoka. "Iliyokufa haionekani hapo. Saa inasemaje?"

"Januari mosi, elfu mbili na tisa."

"Lo! Mliichomoa umeme?"

"Niliichomoa jana. Kwa ajili ya ibada."

"Basi ni betri. Kuna betri ya duara kama sarafu kwenye ubao, ndiyo inayotunza mipangilio umeme ukitoka. Ya kwenu lazima ilishakufa zamani. Umeme wa ukutani ndio ulikuwa unaishikilia, na wewe ukauchomoa. Imesahau kila kitu, imerudi ilivyotoka kiwandani."

"Kwa hiyo diski ni nzima?"

"Huenda. Siahidi. Usiguse kitu, narudi."

Rono alirudi mikono mitupu, bila kufika dukani. Bibi alikuwa ameshuka kutoka ghorofani, ameketi kwenye gunia la vumbi la mbao.

"Kumbe mimi ndiye niliyeiua," alisema Bibi.

"Hujaiua, Bibi. Imezimia," Rono akasema.

"Basi mwagieni maji."

"Mama!" Mzee Bimal akafoka. Kisha, kwa Rono: "Nawapa mpaka chai ya saa tano. Isipoamka, futa. Nisimwone mtu analia."

Shida sasa ilikuwa hii: kompyuta ilikuwa imesahau, lakini na wao hawakukumbuka. Hakuna aliyejua mipangilio ilikuwaje. Rono alianza kugeuza hiki na kile. Akabadilisha mpangilio wa diski ya kuanzia, akahifadhi. Buluu. Akazima kitu kingine. Buluu. Akabadilisha cha tatu, na hata alama ya Windows haikutokea; skrini ikabaki nyeusi na kistari kimoja kinapepesa.

"Umeizidishia," Kakoli akasema.

"Naona."

"Rudisha cha mwisho. Kimoja kimoja, Rono, vinginevyo hatutajua kipi ni kipi."

Akakirudisha. Jasho lilimtiririka Rono shingoni. Nje muuza chai alikuwa tayari anagonganisha birika lake, bado mbali, kichochoro cha pili.

Kakoli alifumba macho akajaribu kuiona siku kompyuta ile ilipofungwa. Alikuja fundi kutoka Coimbatore, kusini mwa nchi, pamoja na mashine ya kukatia, mtu mwembamba aliyekataa samaki na kula wali na maziwa ya mgando. Alishinda mbele ya ukurasa huu huu wa kijivu. Alipomaliza alisema kitu, na Haripada akacheka. Alisema nini? Kwamba kompyuta ni mpya mno kwa programu yake. Kwamba amelazimika kuizeesha.

"Aliizeesha," Kakoli akasema kwa sauti.

"Nani?"

"Fundi aliyeifunga. Alisema ameizeesha kidogo ili ielewane na programu ya zamani. Humu ndani kuna kitu cha zamani na cha kisasa?"

Rono akaenda na kishale mpaka kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa pili. "Hapa. Namna ubao unavyozungumza na diski. AHCI ni ya kisasa. IDE ni ya kizamani. Sasa hivi ipo kwenye AHCI. Windows iliyomo ndani ilizaliwa inazungumza kizamani, inaitwa kwa lugha nyingine, inashtuka, inaanguka. Ndiyo buluu yenyewe! Mimi nilikuwa nafikiria diski tu..." Akajipiga paji la uso. "Weka wewe. Ndiye uliyekumbuka."

Kakoli akabonyeza. Kijidirisha kikafunguka chenye maneno matatu. Akashuka, kishale kikapitiliza, kikatua kwenye neno la tatu, RAID.

"Hapo hapana!" Rono akapiga ukelele hata Bibi akashika kifua. "Hiyo ni ya diski nyingi. Usikae hapo. Toka."

Kakoli aliinua kidole juu hewani kama aliyegusa kaango. Akavuta pumzi, akapanda ngazi moja, akapanda nyingine, akasoma herufi moja moja: I, D, E. Akabonyeza Enter. Kisha F10, ya kuhifadhi. Kompyuta ikauliza kama ana hakika.

"Ina maswali kama mkwe," Bibi akasema.

Kakoli akajibu ndiyo.

Nyeusi. Maandishi. Alama ya Windows. Wote wanne walisubiri buluu. Ile alama ilikaa, ikakaa, kisha ikaja picha ya nyuma ya skrini, shamba la haradali, na mlio mdogo wa kukaribisha ambao Kakoli alikuwa amekwisha kuacha kuusikia kwa mazoea.

Mzee Bimal alikaa chini juu ya mbao.

"Fleshi," Kakoli akasema. "Rono, nipe fleshi yako."

"Na kiolezo?" Mzee Bimal akasimama tena. "Fungua na pampu, anza kukata. Nakala ziende, kazi iende. Vyote pamoja."

"Mzee, tungoje nakala ziishe."

"Kakoli, tanuri linanisubiri! Fungua."

Akafungua. Alizoea kumtii mzee huyo, na furaha nayo ilikuwa imemlainisha. Michoro ikaanza kumiminika kwenye fleshi, majina yakipita mbio: gurudumu la kivuko, kifuniko cha kinu, shingo ya pampu ya kivuko. Kando yake mchoro wa pampu ulikuwa wazi, naye akautengeneza ukingo mmoja kwa ajili ya mbao mpya na kubonyeza kuhifadhi.

Huko nje kukasikika mpasuko, na mtu akapiga kelele. Tiara iliyolowa ilikuwa imeangukia nyaya. Taa za karakana zikazimika, feni ikapunguza mwendo. UPS ikaanza kulia: piii, piii.

"Izime vizuri!" Mzee Bimal akasema.

"Iache!" Kakoli akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumpinga kwa sauti. "Bado kidogo. Iache imalize."

"UPS hii ilikaa jana kutwa bila umeme," Rono akasema kwa sauti ndogo. "Sijui ina nini ndani."

Piii, piii. Mstari wa kijani wa nakala ulitambaa. Ukapita nusu, ukapita robo tatu. Milio ikakaribiana, ikawa mlio mmoja mrefu, na skrini ikafa.

Muuza chai aliingia na vikombe vyake vya udongo, akawaona, akaweka vikombe vinne mezani na kutoka kwa kunyata.

"Imesahau tena," Rono akasema. "Umeme ukirudi, itakuwa ile ile ya asubuhi."

"Njia tunaijua," Kakoli akasema. "Lakini tukiirudisha bila betri, tiara nyingine ikianguka ni yale yale. Betri ya namna hiyo inapatikana wapi hapa?"

"Dukani kwangu zimekwisha. Ni duara, bapa, ukubwa wa sarafu ya rupia mbili. Zinakaa kwenye mizani ndogo, rimoti za gari..."

"Kwenye kile cha kunichomea kidole kuna moja," Bibi akasema.

Wote wakamgeukia. Kipima sukari kililetwa kutoka ghorofani, Rono akakifungua mgongo, akaisoma namba ya betri chini ya mwanga wa simu na kucheka peke yake. "Yenyewe hasa."

"Na sukari yangu nitapimaje?"

"Mama, zile tamutamu za sandesh jana umekula ngapi?"

"Mbili."

"Nilikuona kwenye ya tano."

"Basi chukueni," Bibi akasema. "Leo sina hamu ya kupima."

Rono alifungua ubavu wa kompyuta, akaing'oa betri ya zamani kwa ncha ya bisibisi, akapachika ya Bibi. Umeme uliporudi, Kakoli aliingia jikoni mle, kwenye BIOS, bila kubisha hodi. Akaweka mwaka na saa ya sasa. Akaweka IDE. Akahifadhi. Kompyuta ikawaka, ikakagua diski yake kwa muda mrefu wa kutesa, asilimia baada ya asilimia, kisha lile shamba la haradali likarudi.

Mkono wa mashine ya kukatia haukusogea, na hapo Rono ndiye aliyegundua kwamba tundu la waya wake wa kizamani nalo lina namna zake katika BIOS; akalirekebisha, na mkono ukanyooka ukanguruma. Lakini Kakoli hakumtazama. Alikuwa akinakili upya, safari hii bila kufungua kitu kingine, na hakuna aliyemharakisha. Nakala zilipoisha alizifungua moja moja kwenye fleshi. Shingo ya pampu ya kivuko. Gurudumu. Kifuniko cha kinu. Mistari ya Haripada ilikuwa mizima, hata ule mviringo uliopinda upande ambao mzee yule alikataa katakata kuunyoosha.

Mmoja tu haukufunguka. Ulikuwa wa pampu ya leo, ule aliokuwa akiuhifadhi umeme ulipokatika. Alijaribu mara mbili, kisha akageuza kiti.

"Mzee. Yote ipo. Wa leo umeharibika."

Mzee Bimal aliitazama fleshi, na wote wakajua anachokumbuka, kwamba ni yeye aliyesema vyote pamoja. Na wakati huo huo Ramavtar aliingia mlangoni, mtu wa mabega mapana, nyusi zimeungua kwa miaka ya tanuri.

"Kiolezo tayari, Bimal? Makaa yanangoja kiberiti tu."

"Bado."

"Bado nini? Tanuri halimngoji mtu!"

"Leo litangoja," Mzee Bimal akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Mchoro umeharibika, unachorwa upya. Pampu yenyewe iliyovunjika ulituletea, ipo pale chini. Kaa."

Ramavtar aliitazama pampu sakafuni, akamtazama Rono aliyejaa vumbi la kompyuta mpaka kwenye kope, akamtazama Kakoli. Kakoli alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya kile chuma, kalipa ya kupimia mkononi, anapima shingo yake kwa ndani. Hakuwa na haraka. Alinyanyuka, akaketi, akavuta mstari wa kwanza, akahifadhi, akanakili kwenye fleshi, kisha akavuta wa pili.

Ramavtar akashusha pumzi, akatoa simu.

"Msiwashe," aliiambia simu. "Hapana, kazi haijafa. Dada anachora."